Mikono Mirefu ya Owino

Mtu ashukaye kilima cha Nsambya asubuhi kuelekea mjini Kampala huvuka kwanza njia ya reli, kisha huuona Mnara wa Saa, na tangu hapo huwa hana haja tena ya kuuliza njia. Umati wenyewe humchukua. Mbele yake kuna magari ya abiria ambayo wenyeji huyaita takisi, pembeni kuna bodaboda zinazopenya palipo na upenyo na pasipo na upenyo, na nyuma yake husikia sauti ya mchukuzi aliyebeba robota kichwani akiomba njia kabla hajamgonga mtu. Kampala ni mji wa vilima, na kila kilima kina heshima yake: Mengo ni kilima cha Kabaka, Rubaga na Namirembe ni vya makanisa makuu, Kibuli ni cha msikiti. Lakini nguo wanazovaa watu wa vilima hivyo vyote aghalabu hutoka bondeni.

Bonde hilo ni Nakivubo, na soko lililo ndani yake ni Owino.

Soko la Owino lilianza mwaka 1971, na limekaa jirani ya uwanja wa michezo wa Nakivubo na mfereji wa jina hilo hilo, unaopeleka maji ya mvua hadi Ziwa Viktoria. Jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mtumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga, akauawa huko Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885, Mkatoliki wa kwanza miongoni mwa Mashahidi wa Uganda. Soko hilo limepata kuungua, likiwamo janga la mwaka 2009 na lile la mwaka 2011, na kila mara wachuuzi wamerudi wakatandika tena meza zao juu ya majivu. Humo huuzwa maharagwe, dawa za miti shamba, sufuria na viatu. Lakini jambo lililolipa sifa ng'ambo ya mipaka ya Uganda ni nguo kuukuu. Watu wa Kenya na Tanzania huziita mitumba. Kampala huziita mivumba.

SHATI MOJA LA KIRAIA

Afikiriwe, kwa mfano, mke wa askari polisi anayekaa katika kambi ya Nsambya, ambaye mumewe yu karibu kustaafu. Kwa miaka mingi Serikali ndiyo iliyomvika mtu huyo: kofia, shati, suruali, mkanda na viatu. Siku ya mwisho atavirudisha ghalani, atatia sahihi, na atatoka nje akiwa raia. Jumatatu inayofuata itampasa kwenda katika ofisi ya Serikali kufuatilia malipo yake ya uzeeni, na hawezi kwenda na shati la kwenda shambani.

Mkewe amefungua sanduku akahesabu. Mashati ya kiraia ni mawili, na moja limechanika ukosi. Nyumba ya kambini nayo itabidi waiache, watafute chumba cha kupanga, walipe kodi ya miezi ya mwanzo kwa pamoja. Kwa hiyo fedha iliyotengwa kwa ajili ya mavazi ya mzee ni ya shati moja tu, tena la Owino, wala hakuna ya kununua la pili likiharibika la kwanza. Jambo hilo ni dogo machoni pa tajiri. Kwa mama huyo ni kubwa, maana anataka baba wa watoto wake apokewe mezani kwa mwenye ofisi kama mtu aliyeitumikia nchi, si kama mtu aliyekuja kuomba.

Sokoni sauti hazipungui. "Nyabo, jangu!" humwita huyu, "Mama, karibu, robota jipya!" humwita yule. Mama mwenye busara hapokei shati kwa kulitazama rangi. Kwanza hulinyanyua penye mwanga ili aone kama kitambaa kimekonda mgongoni. Kisha hutazama ukosi kwa ndani, ambako shingo ya mwenyewe wa kwanza imesugua. Mwisho hutazama mabega, na hapo ndipo penye siri ya ununuzi wote. Mshono wa bega ukikaa juu ya mfupa wa bega la mvaaji, shati hilo laweza kurekebishwa nyumbani. Ukishuka chini ya bega, kazi yake ni ya fundi, kwa sababu itabidi mkono wote ufumuliwe na kwapa lichongwe upya. Mwili mpana hupunguzwa pembeni, mkono mrefu hukatwa, lakini bega lililozidi humpa taabu hata fundi mzoefu.

Mama huyo amelipata: jeupe, la pamba tupu, ukosi mzima, mabega sawasawa. Kasoro yake ni moja. Mikono inashuka hadi kuzifunika ncha za vidole.

NGUO ILIYOSHONEWA BARIDI

Kasoro hiyo si ajabu. Mivumba hutoka Ulaya, Marekani, Uchina na kwingineko, ikifungwa katika marobota yaliyoshindiliwa kwa mashine, ikapitia bandari ya Mombasa na kusafiri kwa barabara hadi Kampala. Shati la nchi ya baridi hushonwa likiwa na mkono mrefu ili lichungulie chini ya koti, na kifundoni huwekwa ukingo mgumu wenye vifungo ili upepo usipenye. Kampala haina baridi ya namna hiyo. Mji umekaa karibu na mstari wa ikweta, umeinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hali yake ya hewa ni ya vuguvugu mwaka mzima, pamoja na mvua za masika za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba. Shati lenye mikono mifupi ndilo vazi lake la asili la mchana.

Ni vyema kukumbuka kwamba Uganda haikuzoea siku zote kuvaa nguo iliyokwisha kuvaliwa na wengine. Pamba ililimwa nchini tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na katika miaka ya 1950 kiwanda cha Nyanza Textile Industries, maarufu kwa jina la Nytil, kilianza kufuma vitambaa mjini Jinja, kikitumia umeme wa bwawa la Owen Falls lililozinduliwa mwaka 1954. Nyumba nyingi za Uganda zilijua ubora wa kitambaa cha Jinja. Kisha mwaka 1972 Idi Amin aliamuru Waasia waondoke nchini kwa muda wa siku 90. Maduka mengi ya vitambaa yalikuwa mikononi mwao, na mafundi cherehani wengi walikuwa miongoni mwao. Maduka yakagawiwa wengine, rafu zikawa tupu, viwanda vikakosa vipuri, na kitambaa kikawa bidhaa ya magendo.

Watu waliokua katika miaka hiyo huikumbuka hali ya shati la baba kukatwa likawa la mtoto, na la mtoto likawa kitambaa cha kufutia meza. Mkasi ulishikwa kwa hofu, maana kilichokatwa vibaya hakikuwa na badala. Biashara ya mivumba ilipokuja kushamiri iliwakuta akina mama wengi wakiwa tayari na mikono iliyofundishwa na uhaba.

FUNDI WA BARAZANI

Ndani ya Owino na katika baraza za maduka yaliyo jirani, mafundi hukaa safu kwa safu na vyerehani vya kukanyaga kwa miguu. Mnunuzi hutoka mezani na shati mkononi, akaketi juu ya kibenchi, na kabla hajamaliza soda yake shati limepunguzwa. Kazi ya mafundi hao ni ya kusifiwa, na mtu mwenye haraka au mwenye shati la mabega mapana hana budi kuwaendea. Hata hivyo, malipo ya fundi, yakijumlishwa na nauli na kurudiwa kwa kila shati la kila mtoto, huwa fedha ya kutosha chakula. Tena kazi ya kufupisha mkono haihitaji cherehani. Yahitaji sindano, uzi, pini chache, mkasi mkali, utepe wa kupimia na pasi. Kipande kikavu cha sabuni hutosha mahali pa chaki, na alama yake huondoka kwa maji.

Neno moja la tahadhari laifaa familia ya kambini. Maelezo haya ni ya nguo za kiraia. Sare si mali ya mvaaji, na urefu wa mkono wake huamuliwa na kanuni, si na mke wala fundi. Kadhalika nguo yenye mabaka ya kijeshi ikitokea ndani ya robota, heri iachwe huko huko, kwa kuwa sheria ya jeshi la Uganda ya mwaka 2005 humtia hatiani raia akutwaye nayo pasipo ruhusa.

KABLA YA MKASI

Jioni, mama yetu wa Nsambya amerudi nyumbani. Hakati siku hiyo. Shati hutangulia kufuliwa, kwa sababu pamba huweza kurudi ikipata maji, na mkono uliokatwa sawasawa leo utakuwa mfupi kupita kiasi baada ya kufuliwa. Likikauka hupigwa pasi pande zote, ndani na nje. Desturi hiyo ina faida mbili Uganda: hunyoosha kitambaa ili kipimike, na huua mayai ya yule nzi atagaye katika nguo mbichi iliyoanikwa, ambaye mabuu yake huingia ngozini na kufanya majipu.

Siku ya pili mume huitwa alivae. Hapa ndipo pakazuka neno.

"Mama watoto," asema mzee, "mtu mzima aende ofisini na mikono mifupi? Si wataniona mtoto wa shule?"

"Baba," mkewe amjibu, "lile la kaki ulilolivaa zamu za mchana lilikuwa na mikono mifupi, na hakuna aliyekuita mtoto. Simama wima nipime."

Mzee husimama wima, kwa kuwa neno hilo amelizoea.

Shati hufungwa vifungo vyote hadi shingoni, na mikono huachwa ikining'inia. Mkono mfupi wa mtu mzima hupendeza ukiishia vidole viwili au vitatu juu ya kiwiko. Ukigusa kiwiko, utakunjamana kila akunjapo mkono. Ukipanda mno, utakuwa wa kijana wa mpira. Mama hutia pini mahali hapo, humwambia akunje mkono, auinue kama aongozaye magari, aushushe tena. Pini ikibaki mahali pazuri katika hali zote tatu, kipimo kimepatikana. Mkono wa pili nao hupimwa ukiwa mwilini, maana mabega ya watu wengi hayako sawa, na shati kuukuu laweza kuwa limerekebishwa upande mmoja na mwenyewe wa kwanza. Ndiyo sababu kipimo huanzia kwenye mshono wa bega kushuka chini. Hakianzi kamwe kwenye ncha ya mkono kupanda juu.

KAZI YENYEWE

Shati likivuliwa hulazwa mezani. Kutoka mshono wa bega hadi kwenye pini, tuseme, ni inchi 9. Alama hutiwa kwa sabuni mahali pa tatu au pa nne kuuzunguka mkono, kisha huunganishwa kwa mstari. Huo ndio mstari wa kukunja. Chini yake, inchi moja na nusu kuelekea kifundoni, hupigwa mstari wa pili. Huo ndio mstari wa kukata.

Hapa ndipo mashati mengi yalipofia. Mtu amepima kwa uangalifu, amepata inchi 9 kamili, akafurahi, akashika mkasi na kukata penye inchi 9, akisahau kwamba upindo nao wataka kitambaa. Akija kukunja, mkono umepanda hadi karibu na kwapa. Mwenye duka la vitambaa atakata kingine. Mama mwenye shati moja hana cha kukata, na majuto ni mjukuu. Basi desturi njema ni kuuchora mstari wa kukata kwa mistari miwili iliyoandamana na ule wa kukunja kwa mmoja, ili jicho lisidanganyike. Na kumwomba mtu mwingine wa nyumbani, hata mtoto wa shule, apime upya kabla ya mkasi kufunguliwa.

Mkono hukatwa mmoja mmoja, kitambaa kikiwa kimelala pasipo kuvutwa. Mkono wa kwanza ukiisha, hukunjwa na kuvaliwa tena, na ukikubaliwa ndipo wa pili ukatwe.

Sasa upindo. Nusu inchi hukunjwa kwanza kwa ndani ili ncha zinazonyumbuka zifichike, na pasi hupitishwa. Kisha inchi moja hukunjwa juu yake, na pasi hupitishwa tena. Lakini mkono wa shati haukukatwa kama bomba. Huwa mpana begani na mwembamba kifundoni, kwa hiyo sehemu iliyokatwa chini ni nyembamba kuliko ile itakayoegemea juu. Ikishonwa hivyo hivyo, upindo huvuta na mkono hufinyana kama mdomo wa mfuko. Dawa yake ni rahisi. Mshono wa chini ya mkono hufumuliwa kwa urefu wa ile inchi moja na nusu tu, kisha hushonwa upya ukitanuka kidogo kuelekea nje, hata sehemu ya upindo iwe na upana sawa na mahali itakapolala. Mambo hayo huchukua dakika kumi, nayo ndiyo yanayotofautisha kazi iliyotulia na kazi ya kubahatisha.

Upindo hupigwa bandi kwa uzi wa rangi nyingine, shati huvaliwa mara ya mwisho, na ndipo hushonwa kwa uzi mweupe. Mwenye cherehani hushona mstari mmoja karibu na ukingo wa ndani. Asiye nacho hushona kwa mkono, mishono midogo yenye nafasi sawa, sindano ikidaka nyuzi mbili tatu tu za kitambaa cha nje ili isionekane. Jaribio la uzi na mkazo wake hufanywa juu ya kipande kilichokatwa, wala si juu ya shati. Bandi hufumuliwa, pasi hupitishwa, na kazi imekwisha.

Kwa mtoto anayekua, mkasi haufai kabisa. Mkono wake hufupishwa kwa kuukunja mara moja kwa ndani, juu kidogo ya kiwiko, na kuushona kwa mishono mirefu. Mwaka ukipita na mkono wa mtoto ukirefuka, uzi huvutwa na shati hurefuka pamoja naye.

VIPANDE VILIVYOBAKI

Mikono miwili iliyokatwa haitupwi. Ndani yake mna kitambaa cha pamba cha kutosha kufunika ukosi uliochanika wa lile shati jingine, na kubaki vipande vya mifuko ya ndani ya kaptura za watoto. Vifungo vya kifundoni hutunzwa ndani ya kikopo. Kwa njia hiyo shati moja la Owino limemrudishia mzee mashati mawili.

Hatima ya mivumba yenyewe imejadiliwa sana na wakubwa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza uingizaji wa nguo kuukuu ili viwanda vya nguo vya nchi zao vipate kuinuka. Mwezi Agosti 2023, akiwa Mbale, Rais Museveni alitangaza kuzipiga marufuku nguo hizo Uganda. Wachuuzi wa Owino walilalamika kwamba riziki yao imo humo, na meza zao hazikuondolewa. Hoja za pande zote mbili zina uzito: nchi inayolima pamba yatamani kuvaa pamba yake, na mama mwenye fedha ya shati moja hawezi kungoja kiwanda. Lakini hata siku mashati yote ya Kampala yatakapofumwa na kushonwa Uganda, watoto wataendelea kukua, kosi zitaendelea kuchanika, na sindano haitakosa kazi.

Jumatatu asubuhi mzee hushuka kilima cha Nsambya, huvuka reli na kupita Mnara wa Saa, karatasi zake zikiwa ndani ya bahasha ya kaki chini ya kwapa. Jirani wa kambini aliyekutana naye njiani humpigia saluti kwa mazoea na kumwita afande. Mzee huinua mkono kuitikia. Na mkono wa shati hupanda kidogo, hushuka, na kukaa mahali pake.